Motohomu inanesanesa ukishapaki? Anza na mkia

Wakuu, hii ni kwa wenzangu mlioko huku Marekani mlionunua hizi motohomu, yale magari yenye nyumba ndani yake, naona tunazidi kuongezeka, na malalamiko ya wiki ya kwanza huwa yale yale, gari limezimwa, limepakiwa vizuri, lakini nyumba inacheza. Mtu akijigeuza kitandani huko nyuma, wewe uliyelala mbele unajua. Mtoto akienda chooni usiku, wote mmeamka. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, usiku wa kwanza tulilala nje kidogo ya Amarillo huko Texas, na upepo wa kule hauna adabu, asubuhi akaniuliza "mwanangu, hii ni nyumba au jahazi?" Niliona aibu kwa kweli, ndo nikaanza kuhangaika nayo.

Yangu ni ile ya kati, yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, futi 29, imejengwa juu ya chesisi ya Ford E-450, matairi ya nyuma mawili mawili kila upande. Kama wewe una lile basi kubwa la dizeli lenye jeki zake za kubonyeza kitufe, mengi hapa utayaruka, ila usiruke pale ninapoongelea kunyanyua tairi za nyuma.

Sasa kinachocheza ni nini? Nyumba yote imekaa juu ya springi, na springi zimekaa juu ya matairi, na tairi ni mpira uliojaa upepo, kwa hiyo hata ukizima injini vitu vyote hivyo bado viko pale vinanesa kama kawaida. Afu hizi gari zina mkia mrefu sana, kutoka ekseli ya nyuma hadi bampa unakuta mita mbili hadi tatu zinaning'inia tu hewani, na kwa wengi wetu ndo huko huko walikoweka kitanda cha baba na mama. Ni kama ule ubao wa watoto, mmoja akikaa huku mwenzie anapanda kule.

Kabla hujanunua chochote fanya hivi: mwambie mtu atembee ndani, ajitupe kitandani, ashuke kwa nguvu mlangoni, wewe simama nje uangalie tu. Kama gari linasogea mbele na nyuma kidogo, hapo shida ni breki na kabari. Kama bampa ya nyuma inapanda na kushuka, ni mkia. Kama linaegemea kushoto na kulia, ni springi au upepo unaovuma nje. Mimi sikufanya hivyo, nilikimbilia duka moja wakaniuzia zile kabari za chuma zinazopanuka katikati ya matairi mawili, nikafika nazo nyumbani, kumbe zile ni za trela lenye ekseli mbili zinazofuatana, yangu matairi yamekaa ubavu kwa ubavu, hakuna pa kuzichomeka. Hela imeenda hivyo.

La mbele na nyuma ni rahisi. Wengi tunasimama, tunatia P, tunavuta handbreki, basi. Hapo uzito wote wa gari umening'inia kwenye kale kachuma kadogo ndani ya gia boksi, na kana nafasi ya kucheza. Fanya kinyume: simama ukiwa umekanyaga breki, weka gia fri, vuta handbreki, achia breki ya mguu taratibu gari likae lenyewe, ndo utie P. Afu kabari za mpira, mbele na nyuma ya tairi za nyuma, zigonge kwa mguu hadi zibane. Utingo wa lori kule nyumbani anaruka na jiwe hata kabla gari halijasimama vizuri, tulikuwa tunamcheka lakini jamaa alikuwa anajua.

Ila kabla ya kabari, sawazisha gari. Weka pima maji juu ya meza ndani, hata ile ya kwenye simu inatosha, afu panda kwenye mbao au zile bloku za plastiki upande ulio chini. Tairi za nyuma zote mbili za upande huo lazima zikanyage bloku, usiache moja ikae na nyingine ielee, utakuwa umemtwika mmoja mzigo wa wawili.

Haya, mkia sasa, na hapa ndo kuna faida kubwa. Unahitaji nguzo mbili nyuma, kushoto na kulia, kati ya ardhi na chesisi. Nasema chesisi, ule mhimili wa chuma mnene unaopita chini ya gari, usije ukaegemeza jeki kwenye sakafu au bampa au kona ya bodi, utatoboa au utapindisha. Mi natumia jeki mbili za kuzungusha kwa mpini, zile zinazofunguka kama mkasi. Niliwahi kujaribu jeki za mafuta, usiku zinashuka pole pole, asubuhi unakuta zimelegea zimesimama kama mapambo.

Zungusha hadi jeki iguse chesisi, kisha ongeza mizunguko michache tu, ukiona bampa imepanda kama nusu inchi acha. Hapo springi zimeshapunguziwa kazi. Mtu atakwambia ongeza, ongeza, usimsikilize. Hili gari likiwa limejaa lina zaidi ya tani 6, na jeki hizi kazi yake ni kutuliza, kunyanyua sio kazi yake. Na handbreki inashika upande wa nyuma peke yake, kwa hiyo ukinyanyua tairi za nyuma zikaachana na ardhi huna breki tena. Hata upande mmoja tu ukining'inia, P haisaidii, difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma, inaruhusu ule upande mwingine uzunguke, gari linaondoka. Hii inawahusu na nyie wa jeki za vitufe. Na usiingize kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki.

Chini ya kila jeki weka ubao mpana, mi nilikata vipande vya mbao nene futi moja kwa moja. Kwenye mchanga inazama, hiyo kila mtu anajua, lakini hata lami ya Texas mwezi wa 7 inazama, unaacha shimo kwenye parking ya watu. Ndo maana ukiomba kulala parking ya duka usishushe jeki kabisa, vumilia usiku mmoja.

Ngazi ya mlangoni nayo inachangia, kila anayepanda anavuta gari upande mmoja. Weka kistuli au kastendi kadogo chini yake, utashangaa.

Upepo una dawa moja tu ya maana, elekeza pua ya gari unakotoka upepo. Ubavu wa motohomu ni kama tanga la jahazi, kwa hilo mama alikuwa sahihi. Kunja turubai la kivuli, na kama una slaidi, ile sehemu ya chumba inayosukumwa nje ubavuni, na upepo umezidi, iingize ndani. Ikitangazwa dhoruba ya kweli achana na jeki, nenda kakae kwenye jengo.

Kama umefanya yote na bado linanesa mara tatu nne kila mtu akikanyaga, angalia shokapu, zikifa gari halijui kutulia. Upepo wa tairi pia, jaza kulingana na uzito wa gari lako, tairi legevu linacheza kama godoro, ila usijaze kupita kiasi ukidhani unatibu, utapasua.

Kutikisika kidogo kutabaki, mimi bado nasikia mtu akishuka kitandani, lakini chai haimwagiki.

Na siku ya kuondoka, andika JEKI kwenye kipande cha tepu ubandike katikati ya usukani ule usiku uliposhusha. Mimi niliondoka nazo ziko chini mara moja, nilienda hatua kama tano hivi, ndo maana nina jeki moja mpya na moja ya zamani.