Somo: Kumsaka mwizi wa chaji katika gari la zamani

Corolla yangu ya mwaka 1994 ilikuwa na tabia ambayo mafundi watatu walishindwa kuieleza: katikati ya juma iliwaka mara moja, lakini kila Jumatatu asubuhi stata ilitoa mlio mkavu tu na taa za dashibodi zikafifia. Nilinunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja kabla ya kukubali kwamba betri haikuwa na kosa. Somo hili linaeleza namna ya kupima umeme unaovuja wakati gari limezimwa. Utahitaji mita ya umeme yenye kipimo cha ampea 10, spana namba 10 na subira.

Hatua ya 1: Ipime betri yenyewe
Ichaji ijae, fungua waya wa hasi, uiache hivyo usiku kucha. Betri nzima iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikishuka hadi karibu 12.0 ilhali haijaunganishwa na kitu chochote, ugonjwa umo ndani yake na huna haja ya kuendelea.

Hatua ya 2: Liandae gari
Zima kila kitu, toa ufunguo na ushushe kioo cha dereva ili usijifungie nje. Mlango utabaki wazi upate kuzifikia fyuzi, kwa hiyo kibonyeze kwa tepu kile kitufe kilichoko kwenye fremu ya mlango. Usipofanya hivyo, utapima taa ya ndani ukidhani umemkamata mwizi.

Hatua ya 3: Unganisha mita
Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10. Gusisha ncha moja kwenye waya wa hasi uliofunguliwa na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, ili umeme wote upitie ndani ya mita. Usijaribu kuwasha gari katika hali hiyo, kwa kuwa stata huvuta zaidi ya ampea 100 na fyuzi ya mita itaungua papo hapo. Kama gari lina alamu, subiri dakika 20 hadi 30 itulie.

Kipimo kisichozidi ampea 0.05 ni cha kawaida, kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya redio. Changu kilikuwa 0.42, na hapo fumbo la Jumatatu likafumbuka: usiku mmoja wa saa 12 ulinila ampea-saa 5 (ampea mara idadi ya saa, yaani kiasi cha chaji) ambazo safari ya kesho yake ilizirudisha, lakini tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, yaani saa 60, zilikwenda ampea-saa 25, zaidi ya nusu ya betri yangu ya ampea-saa 45.

Hatua ya 4: Chomoa fyuzi moja moja
Anza na za ndani, kisha za chini ya boneti, huku ukiitazama mita. Namba ikishuka, fuata njia ya fyuzi hiyo. Washukiwa wa kwanza ni redio na alamu zilizofungwa baadaye. Kwa kawaida waya wa njano wa redio hupata umeme wakati wote na mwekundu hupitia swichi ya ufunguo, lakini wafungaji wenye haraka huiunganisha yote miwili pamoja.

Hatua ya 5: Fyuzi zikiisha na umeme bado unavuja
Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami nilikaribia. Waya mnene wa alteneta, yaani mtambo unaoichaji betri injini ikiwaka, haupitii fyuzi hizo ndogo. Ndani yake mna daiodi, zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu, na regyuleta, inayodhibiti volti; mojawapo ikiharibika, umeme wa betri unaweza kurudi kinyumenyume na kuishia humo. Ondoa kwanza kabisa waya wa hasi wa betri, kwa sababu bolti ya alteneta ina umeme hata gari likiwa limezimwa. Chomoa plagi yake ndogo, fungua waya mnene, ufunge ncha yake kwa tepu, kisha urudishe mita. Yangu ilishuka hadi 0.02. Mafundi walikuwa wameitetea alteneta kwa kuwa ilichaji volti 14.1, lakini kuchaji injini ikiwaka na kuvujisha injini ikiwa imezimwa ni vipimo viwili tofauti.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, fundi wangu hupima alteneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma. Je, ni sahihi?
Jibu: Hapana. Betri hutuliza volti za mfumo mzima, na ukiichomoa ghafla volti zinaweza kuruka juu na kuunguza kompyuta ya injini au alteneta yenyewe.

Swali: Mita yangu inasoma 0.00 hata mlango ukiwa wazi na kitufe hakijabonyezwa. Ina maana gari ni zima?
Jibu: Ina maana fyuzi ya ndani ya mita huenda imeungua, au waya mwekundu haumo kwenye tundu sahihi. Ijaribu mita kwanza kwa balbu ndogo ya gari.

Swali: Nimepata 0.03, lakini betri bado hulala mara moja moja.
Jibu: Huenda uvujaji wako huja na kuondoka. Shuku relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayonasa na taa ya buti ambayo haizimiki kila mara. Iache simu ikirekodi video ndani ya buti, ulifunge, kisha uitazame.