Mashine ya Kufyekea Isifike Kwenye Shina

Kila palizi ikipita tunaitwa kutazama miti michanga ya matunda inayokauka, na mara nyingi mwenye shamba ameshanunua dawa ya mchwa au ya ukungu. Tukifunua nyasi tunakuta gome limechubuliwa sentimita chache juu ya udongo. Mchwa hawahusiki. Ni kamba ya nailoni ya mashine ya kufyekea.

Kinachowapotosha wengi ni muda. Gome ndilo linaloshusha chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Maji hupanda kwa njia nyingine, ndani zaidi. Kwa hiyo mti uliovuliwa gome pande zote hubaki kijani wiki nyingi, pengine miezi, huku mizizi ikifa njaa. Majani yanapogeuka manjano, siku ya kufyeka imeshasahaulika. Na kama ni mti wa kupandikizwa, yaani kikonyo cha aina moja kilichounganishwa juu ya shina la mti mwingine, usishangilie ukiona umechipua upya: chipukizi lililotoka chini ya kiungio, pale vilipounganishwa, si la aina uliyoilipia.

Basi gawanyeni kazi. Kuanzia shina hadi sentimita 50 kila upande ni eneo la mkono. Pimeni kwa kijiti, si kwa macho; mtu aliyeshika mashine hupunguza kipimo mti hadi mti. Duara hilo lipaliliwe kwanza, kabla mashine haijawashwa, ili anayefyeka auone mpaka. Wengi hufanya kinyume, eti watamalizia kwa jembe. Hawamalizii!

Jembe lenyewe lisizame zaidi ya sentimita 3 hadi 5, maana mizizi inayonyonya chakula iko juujuu, hasa ya mparachichi. Ukibakiza sentimita 15 kufika shinani, weka jembe chini ung'oe kwa vidole, siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa bado laini. Kisha tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya sentimita 10 bila kugusa shina. Hapo palizi inayofuata ya duara huwa nyepesi, na ule wimbo wa "mkono unachelewesha" unapungua.

Nje ya duara, mashine ifanye kazi yake. Acha visiki vya nyasi vya sentimita 5 hadi 10, na mtu yeyote asisogee ndani ya mita 15, kwani kamba hurusha mawe.

Kibarua anayelipwa kwa eneo atalikaribia shina tu, hata umkaripie vipi. Malipo ya duara yawe kando, kwa idadi ya miti.

Gome likibaki zima kuzunguka shina lote, mmefaulu.

Jeraha lisilofika robo ya mzunguko wa shina kwa kawaida huziba lenyewe lisipoguswa tena. Mche mchanga uliovuliwa gome mzunguko mzima, usiununulie dawa. Ung'oe, kisha panda mche mwingine mvua zikianza.