Kabla ya kuposti kuhusu sindano ya uzazi wa mpango

Kwa mnaotengeneza posti za afya ya wanawake: usimuulize mtu "kwa nini hutumii uzazi wa mpango?" Mwambie, "Hebu nieleze mara ya mwisho ulipochoma sindano, ilikuwaje?" kisha nyamaza, mwache amalize. "Kwa nini" humfanya ajitetee, na utapewa majibu yale yale anayompa nesi kliniki. Akisimulia, hofu yenyewe inatoka: haoni siku zake, basi damu itakuwa inajikusanya tumboni. Posti ianzie hapo, kwa maneno yake, halafu jibu: sindano ya miezi mitatu hufanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba uwe mwembamba, kwa hiyo hakuna damu iliyobaki ndani. Saluni ni pazuri sana kwa kazi hii ya kusikiliza. Kusuka kunachukua saa nyingi na midomo haifungwi. Ila wifi au mama mkwe akiwa kiti cha pili, imekula kwako. Na kisa chenyewe usikiposti hata ukificha jina: ukitaja tu kwamba ana mapacha na genge la kona, mtaa mzima umeshajua ni nani.