Kuna Mgonjwa wa TB Nyumbani? Zingatia Haya Mapema

Kikohozi kikifika wiki 2, acha kununua dawa ya kikohozi dukani, nenda kapime makohozi. Anayeishi na VVU asingoje hata hizo wiki 2. Makohozi yatolewe nje penye hewa, yatoke kifuani hasa. Mate hayasaidii kitu.

Fungua madirisha, hata wakati wa baridi. TB husafiri hewani, na chumba kilichofungwa huzihifadhi chembe zake kwa saa nyingi. Mgonjwa azibe mdomo anapokohoa, avae barakoa akiwa na watu, na kama nafasi ipo alale peke yake mpaka kliniki iseme vinginevyo. Vyombo msimtengee. TB haiambukizwi kwa sahani wala kikombe, mtamtia unyonge bure.

Sasa watoto. Hapa naomba usiruke hata mstari.

Jirani yetu alipogundulika, nyumba nzima ilihangaika: shuka zikachemshwa, vikombe vikawekwa kando, dawa akameza bila kukosa. Kliniki walipouliza anaishi na nani, aliwataja watu wazima tu. Mtoto wake wa mwaka na nusu hakumtaja, kwa kuwa hakuwa akikohoa. Baada ya muda mtoto akapoa. Hachezi, kutwa kajilaza begani kwa mama, homa inakuja na kuondoka. Wakasema ni meno. Kisha kutapika, shingo ikakakamaa, degedege. TB ilikuwa imeshafika kwenye utando wa ubongo. Alipona, lakini mpaka leo mguu mmoja anauburuta.

Mtoto wa chini ya miaka 5 anaweza kuwa na TB bila kikohozi cha kueleweka. Mtazame uzito: umesimama au umeshuka? Chanjo ya BCG humpunguzia hatari ya TB kali, haimkingi kabisa. Kwa hiyo siku ileile mgonjwa anapoanzishiwa dawa, taja kila anayeishi naye, hata anayenyonya, na wapelekwe wote. Mtoto akionekana hana ugonjwa, ulizia dawa ya kinga. Ipo ya isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, na ipo mchanganyiko wa isoniazidi na rifampisini wa miezi 3. Kipimo chake hutegemea uzito, msimgawie vidonge vya mkubwa.

Mgonjwa mwenyewe amalize dozi. TB ya kawaida hutibiwa miezi 6, na nguvu hurudi mapema sana kabla ya hapo; wengi hukatishia hapo, na TB huweza kurudi ikiwa sugu. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni kazi ya rifampisini, usitishike. Macho yakiwa ya njano, rudi kliniki siku hiyohiyo. Pombe aache. Akisafiri, dawa zitangulie kwenye begi kabla ya nguo. Na bibi mwenye kisukari anayelala chumba cha pili, naye apimwe.