Namna ya Kuanza Kuandika Mapitio ya Vitabu kwa Majarida ya Fasihi

Wengi wetu tuliosoma Kiswahili sekondari tulifundishwa uhakiki kwa ajili ya mtihani: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kisha kufaulu na kutofaulu kwake. Nimeufundisha utaratibu huo hapa Mtwara kwa miaka mingi na siudharau, lakini ndio uliofanya mapitio yangu ya kwanza yarudishwe. Mhariri alikuwa ameandika swali moja tu pembeni: "Wewe mwenyewe umekionaje?" Nilikuwa nimejaza kurasa nne bila kusema mahali popote kama kitabu kile kinafaa kusomwa.

Hatua ya 1: Lisome jarida kabla ya kukisoma kitabu

Majarida ya kitaaluma, kama vile Kiswahili na Mulika yanayotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Swahili Forum linalopatikana bure mtandaoni, huandikiwa na kusomwa na wanataaluma, kwa hiyo mhakiki hutarajiwa kukiweka kitabu kando ya tafiti na kazi nyingine zilizokitangulia. Jarida la wasomaji wa kawaida hutaka zaidi kumsaidia mtu anayejiuliza kama atoe fedha yake. Tafuta mapitio matatu au manne yaliyokwisha kuchapishwa, yahesabu maneno, kisha piga mstari chini ya kila sentensi inayotoa hukumu. Utashangaa jinsi hukumu hizo zilivyo chache na zinavyotokea mapema.

Hatua ya 2: Chagua kitabu na umwandikie mhariri

Chagua kitabu kilichotoka karibuni, ambacho mwandishi wake si ndugu yako, rafiki yako wala mtu unayemdai. Sentensi tano au sita za barua pepe zinatosha: kitabu gani, kwa nini kinastahili nafasi, wewe ni nani, utawasilisha lini. Ukikubaliwa, ndipo umuulize mhariri kama mchapishaji anaweza kutoa nakala. Sisi wa kusini mara nyingi kitabu hutufikia kama kifurushi cha basi kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo jipe siku za ziada usije ukaahidi tarehe usiyoiweza. Uliza pia kuhusu malipo mapema. Usishangae ukijibiwa kwamba malipo ni nakala yenyewe.

Hatua ya 3: Soma mara mbili, penseli mkononi

Mara ya kwanza soma kama msomaji, na uandike tu namba ya ukurasa uliokuchosha, uliokuchekesha au uliokufanya urudi nyuma. Mara ya pili jiulize kwa nini.

Hapa ndipo mhakiki anayeishi Mtwara au Lindi ana mtaji wake. Niliwahi kusoma riwaya ambayo mkulima wake anauza korosho mnadani mwezi wa Aprili, wakati ambapo huku kwetu mikorosho bado haijapuliziwa salfa, achilia mbali kutoa maua. Mwanzoni nilitaka kuyafanya makosa hayo kuwa aya nzima. Niliporudi kwenye daftari langu, niliona kwamba fedha za mnada ule ndizo zilizomwezesha binti wa mkulima kutoroka, na kwamba mvua ya masika iliyomkwamisha njiani ndiyo iliyoleta kilele cha hadithi. Yaani, msimu ukisahihishwa, msuko wote unalegea. Hapo kosa lilistahili aya. Lingekuwa ni jambo la kupita tu, sentensi moja ingetosha, au hata kunyamaza, kwa kuwa mhakiki anayeokota kila kokoto humchosha msomaji na hamtendei haki mwandishi.

Sikiliza pia wahusika wanavyozungumza. Mzee wa Newala anayezungumza kama kijana wa Kariakoo anahitaji sababu ndani ya hadithi.

Hatua ya 4: Andika hukumu, kisha ithibitishe

Anza na taarifa za kitabu kwa mpangilio wa jarida husika: jina, mwandishi, mchapishaji, mahali, mwaka, idadi ya kurasa. Ikiwa ni tafsiri, mtaje mfasiri na uipime kazi yake. Anayehakiki Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2022, hawezi kuisifu lugha yake bila kumtaja Ida Hadjivayanis.

Muhtasari wa hadithi usizidi theluthi moja ya maandishi yako, wala usifichue mwisho. Sehemu inayobaki ni hoja. Sentensi kama "Mwandishi ametumia lugha nzuri" haimwambii mtu chochote. Linganisha na hii: "Katika sura tatu za mwanzo nahodha na mkewe hujibizana kwa sentensi fupi zenye hasira iliyofichwa, lakini kuanzia sura ya nne wote wawili wanazungumza kama makatibu wa kikao." Msomaji anaweza kukifungua kitabu na kukubishia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kila dai liwe na ukurasa wake kwenye daftari lako, hata kama jarida halitachapisha namba hizo.

Hatua ya 5: Hakiki, tuma, subiri

Acha rasimu ilale siku mbili. Kisha linganisha kila nukuu na kitabu, herufi kwa herufi, na majina ya wahusika pia. Mimi niliwahi kumwita mhusika mkuu kwa jina la dada yake, na sahihisho lilichapishwa toleo lililofuata. Usitume mapitio yaleyale kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Kimya kikizidi muda uliotajwa na jarida, andika ukumbusho mmoja wenye adabu, na usipojibiwa, mjulishe mhariri kwamba unayaondoa, kisha uyapeleke kwingine.