Somo: Kumtega fuko kwenye shamba la waru (viazi)

Majani ya waru yananyauka mstari mzima, ukivuta shina linakuja lenyewe, chini patupu. Hapa Njoro huyo hata hatumuulizi jina. Ni fuko. Usitishike ukihesabu vifusi ishirini vya udongo anaoutoa chini: fuko huishi peke yake, huenda vyote ni vya mmoja.

1. Amka mapema utafute kifusi cha leo, udongo bado mweusi na una unyevu. Kilichokauka achana nacho. Wengi hutega kwenye nyumba iliyohamwa, kisha wanalaumu mtego.

2. Kifusi chenyewe usikichimbe. Chomachoma ardhi kwa kijiti kati ya vifusi viwili vipya. Kijiti kikizama ghafla, hiyo ndiyo njia yake. Ifungue kwa jembe, uende ukanywe chai. Fuko hapendi mwanga wala upepo kwake, atakuja kuziba. Ukirudi ukute pamezibwa, yupo. Kama hadi kesho pako wazi, hama.

3. Chomeka ufito mbichi kando ya shimo, uupinde. Kwenye ncha funga kamba mbili. Moja ina kitanzi cha waya kinachokaa ndani, kimeshikana na kuta za njia. Ya pili, ya katani, ipite katikati ya njia na ifungwe kwenye kigingi chini. Ndiyo inayouzuia ufito usifyatuke. Funika juu kwa nyasi, ila acha upenyo wa hewa. Akija kuziba, kamba ya katani inamzuia, anaikata kwa meno, ufito unaruka, kitanzi kinambana.

4. Usimshike kwa mkono hata akionekana amekufa. Kidole gumba changu kina kovu.

Baadaye bomoa njia zake, la sivyo mwingine atahamia.

MASWALI

Wa Molo: Mwalimu, si sumu ni rahisi zaidi?
Jibu: Mbwa wako na bundi watamla fuko mwenye sumu. Na zile tembe za kuua wadudu kwenye ghala la mahindi hutoa gesi inayoua watu, usizitie mashimoni karibu na nyumba.

Wa Bungoma: Kwetu ni kindi, anafukua mbegu za mahindi na njugu. Mtego huu utamfaa?
Jibu: Hapana, ndugu. Kindi huyo hutembea juu ya ardhi mchana na kulala shimoni usiku. Hatari ni tangu kupanda hadi mche usimame. Siku hizo weka mtu na mbwa shambani kutwa, fyeka vichaka vya mpakani, na majirani wapande pamoja nawe, asije akakumaliza wewe peke yako.

Mama wa Bahati: Na pilipili shimoni?
Jibu: Nilijaribu, mama. Aliziba upande ule, akatokea kwenye karoti.

Wa Elburgon: Kamba imekatwa mara mbili, fuko hayumo.
Jibu: Ufito wako umekauka, hauruki kwa nguvu. Kata mwingine leo, na waya uguse kuta pande zote. Ukining'inia katikati, anausukuma kando na udongo anaokuja nao.