Maji yakipata joto ziwani, acha kuzamisha mpaka chini

Wazee wa ndoano wa Mwanza, kuna kitu nimekiona miaka hii nikaona nikisemee hapa. Zile video za wenzetu wa baharini huko Marekani wanasubiri maji yapate joto mwezi wa nne wa tano ndo samaki wasogee pwani, usizifuate kama zilivyo, huku kwetu maji hayapoi hivyo, mwaka mzima yanacheza kwenye digrii 24 mpaka 27 hivi, kinachobadilika zaidi ni hewa ya kule chini. Kuanzia Desemba mpaka Machi kunapotulia, maji ya moto yanakaa juu ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki, hewa huko chini inaisha na sangara ndo hawezi kabisa kukosa hewa, anapanda. Sasa wewe unazamisha risasi nzito, kile kizito cha kuvutia ndoano chini, unamvulia nani?

Mi nafunga risasi ndogo, chambo kinaning'inia juujuu, alfajiri kabla jua halijachoma mawe. Sato mfuate kwenye kina kifupi karibu na matete, minyoo inatosha. Ila usisimame majini, kichocho kipo, kaa juu ya jiwe.

Juni mpaka Agosti kusi ikivuma ziwa linakorogeka lote, hapo rudi chini na risasi yako nzito. Na sangara wa chini ya sentimita 50 mrudishe jamani, hata kama nyumbani walishabandika ugali.